Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kula vizuri baada ya kuachana na mpenzi

Nimefanya kazi ya ushauri wa lishe Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na maswali haya yamenifikia kwa kila njia: kliniki, kwenye simu, mengine nikivutwa pembeni msibani au harusini. Mtu anaanza kwa kusema "sina hamu ya kula" au "nimenenepa ghafla". Ukikaa naye dakika kumi, linatoka jina la mtu. Nami nilipita huko uchumba wangu ulipovunjika. Kwa wiki tatu niliishi kwa chai ya rangi na maandazi, na elimu yote niliyosomea haikunisaidia kushusha tonge moja la ugali.

Nilichojifunza ni hiki. Katika mapenzi yetu, swali "umekula?" lina uzito kuliko maneno mengi matamu. Linaulizwa saa saba mchana, linarudiwa usiku kabla ya kulala. Mkiachana swali hilo linakatika siku hiyohiyo, na pamoja nalo zinaondoka saa za kula. Kwa hiyo katika majibu mengi hapa chini utaniona nikianza na saa na mtu wa kuuliza, ndipo nije kwenye kilichomo ndani ya sahani.

Kwa nini chakula hakipiti kabisa? Nikiweka tonge mdomoni nasikia kutapika.

Mwili ukipata mshtuko unamwaga homoni iitwayo adrenalini, uwe umenusurika ajali ya bodaboda au umesoma ujumbe wa "tuachane" saa sita usiku. Damu inapelekwa zaidi kwenye misuli na moyo, tumbo linapunguza kazi, na chakula kilichomo kinachelewa kushuka. Ndiyo maana unahisi umeshiba na hujala, mate yanakauka, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani inakuchefua. Hukurogwa na wala si kwamba umekuwa dhaifu. Kwa wengi hali hii hulegea kadiri siku zinavyosonga.

Mbona mwenzangu aliachwa akanenepa?

Mshtuko ukigeuka kuwa mawazo ya kila siku, homoni nyingine iitwayo kotisoli inabaki juu, na hiyo huamsha njaa, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta. Ongeza usiku wa kukosa usingizi, nao huongeza njaa kesho yake. Ndiyo maana mtu yuleyule anaweza kukonda mwezi wa kwanza akanenepa mwezi wa tatu. Wala usijipime mapenzi yako kwa hilo. Nimewahi kuambiwa na mdogo wangu mmoja, "dada, mimi nakula vizuri tu, labda sikumpenda." Alikuwa amempenda sana.

Nianzie wapi ikiwa siwezi kumeza chochote?

Anza kwa kunywa. Uji mwepesi wa ulezi wenye maziwa, supu ya kuku, maji ya dafu, mtindi. Uji hauhitaji kutafunwa, na mtu mwenye huzuni huchoka hata kutafuna. Mtaa wako ukiwa na banda la supu, nenda asubuhi na bakuli lako, omba mchuzi mwingi na nyama kidogo, kamulia ndimu.

Kisha rudisha saa. Saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa moja usiku. Weka alamu kwenye simu na uitii hata kama ni vijiko vitano. Usingoje njaa ije kukuita. Kipindi hiki njaa haisemi ukweli. Tumbo linazoeshwa kwa saa, na ukilipatia chakula kidogo kidogo kwa wakati uleule, hamu hurudi pole pole yenyewe.

Chakula kilichopoa kina harufu ndogo kuliko cha moto, kwa hiyo kichefuchefu kikikusumbua jaribu viazi vilivyochemshwa vikapoa, ndizi mbivu, parachichi, yai la kuchemsha. Yai moja lina protini kama gramu 6, na wengi hulimaliza kwa matonge manne. Karanga za kukaanga ziwe karibu na unapokaa, utazila bila kujua. Chai ya rangi ipunguze, na usiinywe pamoja na chakula: huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na ikiwa kali juu ya tumbo tupu inazidisha kiungulia na kutetemeka mikono.

La mwisho kwenye swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tafuta mtu mmoja akuulize. Kwangu alikuwa shangazi yangu wa Tanga. Alinipigia kila siku saa moja na nusu usiku, na hakuniuliza "umekula?", maana alijua nitasema ndiyo. Aliuliza "umekula nini?" Ukishaulizwa hivyo lazima utaje chakula, na kutunga uongo wa mboga na ugali kila siku kunachosha kuliko kupika. Siku ya nne nilichemsha viazi ili niwe na la kumjibu.

Nina siku tano au sita sijala kitu cha maana. Leo nataka nile nishibe. Kuna ubaya?

Upo, na tafadhali usilipuuze. Mtu ambaye hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku tano akila mlo mkubwa wa wanga ghafla, madini muhimu kwenye damu kama fosfeti na potasiamu yanaweza kushuka kwa kasi, moyo ukayumba. Madaktari waliliona hili kwa wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia: walipewa chakula kingi wakaugua, wengine wakafa. Nenda kituo cha afya uangaliwe kwanza, waeleze ukweli kuhusu siku ulizokaa bila kula, na uongeze chakula kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukianza kula kisha miguu ikavimba, pumzi zikakatika au ukachanganyikiwa, hiyo ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Nisipokula kwa mawazo, nitapata vidonda vya tumbo?

Hili naulizwa karibu kila wiki. Tumekua tukiambiwa mawazo na njaa ndivyo vinavyotoboa tumbo. Ukweli ni kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe, tumbo lake likapata uvimbe, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Mawazo na tumbo tupu vinaweza kukuzidishia maumivu na kiungulia, hasa kama kidonda tayari kipo.

Hatari ninayoiona kwa walioachwa ni nyingine. Wanalia usiku kucha, wanaamka na kichwa kinagonga, wanameza diclofenac, ibuprofen au aspirini bila kuweka kitu tumboni, na kesho tena, na kesho kutwa. Hapo ndipo tumbo linapoumia. Kunywa maji, kula hata uji, na kichwa kikiendelea kaonane na daktari badala ya duka la dawa. Ukipata choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usisubiri kesho.

Mchana najitahidi. Usiku ndiyo naharibu: chipsi mayai, soda, biskuti, mpaka najichukia.

Usiku ndio uliokuwa wakati wenu, mwili unautafuta. Nikikuuliza mchana ulikula nini, mara nyingi utanijibu "nilikunywa chai". Hapo huna tatizo la usiku, una tatizo la saa saba mchana. Mtu aliyekula ugali, maharage na mboga za majani mchana hafiki saa nne usiku akiwa na njaa ile ya kutetemeka. Jaribu wiki moja uone.

Chipsi mayai si sumu. Kula ukitaka, weka kachumbari nyingi, isiwe kila siku, na kaa chini ule kwenye sahani badala ya kwenye mfuko kitandani huku unapekua picha zake. Hilo la simu nalisema kwa uzito: mkono mmoja ukiwa kwenye simu na mwingine kwenye chakula, hutajua umeshiba saa ngapi.

Soda ndiyo ningeiondoa kwanza. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kola ina sukari kama gramu 37, vijiko vya chai tisa hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Chupa mbili za kujiliwaza zimeshavuka. Na kahawa ya jioni iangalie: kwa mtu mzima kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni bado unacho nusu yake saa nne usiku, nawe unashangaa usingizi umekwenda wapi.

Kuhusu kujichukia: ukila kupita kiasi leo, kesho kunywa uji wako saa mbili kama kawaida. Usiruke mlo ili kulipia. Kuruka ndiko kunakoleta usiku mwingine kama huo. Lakini ikiwa unakula mpaka unaumwa, kwa siri, mara nyingi katika wiki, au unajitapisha baadaye, hilo lina matibabu yake na linahitaji daktari, usilibebe peke yako.

Sijui tena kupika kwa mtu mmoja. Nikipika nabakiza, nikibakiza nalia.

Sisi tumelelewa kwenye sinia. Mikono mitano sita kwenye sahani moja, mama anakusogezea minofu upande wako, mtoto anayekawia anaharakishwa. Kula peke yako kwa Mswahili ni jambo geni kabisa, na hata ukiwa hujaachwa na mtu lina ukiwa wake. Kwa hiyo usijione wa ajabu unapotazama sufuria ya watu wawili ukashindwa kuendelea.

Kwanza badilisha vyombo. Tafuta sufuria ndogo, ile ya lita moja, na uiweke ile kubwa juu ya kabati. Pima mchele kwa kikombe: nusu kikombe cha mchele mkavu kinamtosha mtu mmoja. Unga wa ugali vivyo hivyo, kikombe kimoja kinatosha. Mkono wako umezoea kumimina kwa ajili ya wawili, na mkono hausahau upesi, ndiyo maana nasema pima.

Pili, nunua kama mtu mmoja. Genge linaruhusu hilo. Unaweza kupata fungu moja la nyanya, kitunguu kimoja, fungu la mchicha, robo ya maharage. Kama huna friji, maharage mabichi ya kuchemsha yanakula mkaa au gesi saa nzima na zaidi. Mitaa mingi wapo kina mama wanaouza yaliyokwishachemshwa, wewe unaunga tu. Kama unayo friji, chemsha kilo nzima Jumapili, gawa kwenye mifuko midogo, gandisha. Jumatano ukirudi kazini umechoka utajishukuru. Dagaa wakavu hawahitaji friji, wanaiva kwa dakika chache, na kwa kuwa unawala na mifupa yao wanakupa madini ya kalsiamu pia.

Tatu, na hili wengi wanaliona aibu: si lazima upike. Mama lishe wa karibu na kazini anakupa wali au ugali, maharage, mboga za majani na kipande cha samaki. Huo ni mlo kamili kuliko wa wengi wanaojipikia. Kula pale pale kwenye benchi, usifungashe. Utasalimiwa, utaulizwa "leo umechelewa", na siku mbili usipoonekana kuna mtu atakayeuliza habari zako. Nairobi na Mombasa kibanda kinafanya kazi hiyohiyo kwa githeri, sukuma wiki na chapati.

Nne, omba sinia. Nenda kwa dada yako Jumamosi na kilo moja ya unga mkononi, ule nao. Watu wengi walioachwa hujificha kwa kuona aibu ya kuulizwa "mwenzio yuko wapi?" Swali hilo litaulizwa mara moja tu. Chakula kitaliwa kila Jumamosi.

Mimi ni mwanaume. Yeye ndiye alikuwa anapika. Sasa mwezi wa pili nakula chipsi na nyama choma.

Kaka, karibu jikoni. Huhitaji kujua mapishi ishirini, unahitaji manne: ugali usio na mabuja, maharage ya kuunga, mayai na mboga za majani, wali. Mpigie mama yako au dada yako, muweke kwenye spika, pika huku anakuelekeza. Watafurahi kuliko unavyofikiri. Nyama choma si lazima uiache, ila agiza pamoja na ndizi za kuchoma na kachumbari, na siku nyingine samaki. Mboga za majani na matunda kwa mtu mzima zinatakiwa zifike angalau gramu 400 kwa siku. Kwenye chipsi kavu za kila usiku, hazimo.

Pombe inanisaidia kulala. Na bia si ina shayiri ndani?

Inakulaza, kisha inakuamsha saa tisa usiku na moyo unakwenda mbio. Usingizi wa pombe ni wa vipande. Gramu moja ya pombe ina kalori 7, karibu sawa na mafuta, kwa hiyo unaingiza nishati nyingi wakati mwili haujapata protini wala vitamini. Na juu ya tumbo tupu inapanda haraka, ndipo mtu anapompigia aliyemwacha usiku wa manane na kusema ya kujutia. Ukiona huwezi kulala bila hiyo, au mikono inatetemeka asubuhi mpaka uipate, usiikate ghafla peke yako. Kamwone daktari, kwa mnywaji wa kila siku kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Kila chakula kinanikumbusha yeye. Siwezi hata kuuona wali wa nazi.

Harufu na kumbukumbu vinakaa jirani ndani ya ubongo, kwa hiyo tui la nazi linaweza kukurudisha Ijumaa fulani kabla hujajua kinachokupata. Usijilazimishe. Uweke wali wa nazi pembeni kwa muda, badala yake pika ndizi, viazi vitamu, muhogo, mtama, chochote ambacho hamkukila pamoja. Badilisha mahali pa kukaa, na sahani pia kama mlikuwa na zenu. Siku utakayotaka kuurudia, nenda ukaule kwa watu, nyumba iliyojaa kelele na watoto. Kwangu alikuwa samaki changu wa kukaanga, na nilimrudia kwenye harusi ya binamu yangu, katikati ya tarumbeta.

Nataka nipungue haraka ili akiniona ajute.

Naielewa hasira hiyo, nimekuwa nayo. Lakini angalia unachouziwa. "Chai za kupunguza tumbo" zinazozunguka mitandaoni mara nyingi zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachopungua kwenye mizani ni maji na choo. Mafuta yanabaki palepale, na ukiharisha kwa wiki unapoteza potasiamu ambayo moyo wako unaihitaji. Kama unataka kupungua kwa ajili ya afya yako, subiri mpaka uwe unakula milo mitatu na kulala usiku, kisha anza taratibu. Kutembea dakika thelathini jioni kunafaa tangu leo, na kunaamsha hamu ya kula kwa wasioisikia. Mizani panda mara moja kwa wiki, si kila asubuhi.

Naweza kufunga na kusali kipindi hiki?

Sala haina kizuizi. Kufunga, nitauliza: unakula vya kutosha siku usizofunga? Ikiwa jibu ni hapana, basi saumu inaweza kuwa kisingizio cha kutokula, na wewe mwenyewe moyoni unajua. Muislamu anayefunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi afanye hivyo akiwa na daku la kweli na futari ya kweli: uji, tende, maharage, mboga. Mkristo aliyeingia mfungo wa siku nyingi azungumze na padri au mchungaji wake kwanza, amwambie hali yake. Dini zote mbili zina nafasi kwa mgonjwa, na asiyekula kwa huzuni wiki mbili ameshakaribia ugonjwa.

Niko edani, kipindi cha kungoja baada ya talaka, bado niko nyumba moja na mume aliyenitaliki. Naona haya kula chakula chake, nakula kwa kujificha.

Dada yangu, katika eda ya talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kukurejea, makazi na matumizi ni haki yako, si hisani. Chakula kile ni chako. Kula mezani au mkekani, saa zako zilezile, pamoja na watoto. Kama kukaa naye sahani moja kunakukaba koo, pakua mapema ule na watoto kabla hajarudi. Eda si kifungo cha njaa. Ikiwa anakunyima matumizi, peleka jambo kwa wazee au ofisi ya kadhi.

Niko Muscat kwenye kazi za ndani. Mchumba kaniacha kwa simu. Nakula saa nne usiku wakishalala wote.

Saa za kula huenda huzimiliki, lakini asubuhi kabla nyumba haijaamka mara nyingi ni yako. Fanya mlo wa asubuhi uwe mkubwa: mayai, mkate, maziwa au mtindi, tende tatu nne. Tende weka na mfukoni. Saa nne usiku kula kidogo. Na mtu wa kukuuliza "umekula nini?" anaweza kuwa mwenzako wa jengo la pili au dada yako Mombasa kwa ujumbe wa sauti.

Nina mimba na mwenye mimba ameondoka. Sina hamu ya kula, mtoto ataumia?

Siku chache za kula kidogo hazimuumizi mtoto, mwili wako una akiba. Zikiwa wiki, au ukiona huongezeki uzito, mwambie muuguzi wa kliniki. Nenda kliniki hata kama huna mwenza wa kukusindikiza, usimruhusu mtu yeyote akufanye uone aibu hapo mlangoni. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi viendelee. Vikikuchefua, meza usiku baada ya kula kitu kidogo.

Na wewe unayenyonyesha: maziwa hayakauki kwa sababu ya huzuni. Msongo unaweza kuchelewesha kushuka kwake, basi kaa, vuta pumzi, mkumbatie mtoto ngozi kwa ngozi, yatakuja. Endelea kumnyonyesha, kunyonya ndiko kunakotengeneza maziwa. Kunywa maji na uji kila akinyonya, wewe ndiye unayekula kwa wawili.

Natumia dawa za kila siku na siwezi kula. Niziache kwanza?

Usiache. Wengi wenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huamini hazimezwi juu ya tumbo tupu, wanaruka dozi. Vidonge vyenye dolutegravir, ambavyo wengi Tanzania na Kenya wanatumia siku hizi, vinaweza kumezwa umekula au hujala. Kwa kisukari ni tofauti: insulini au baadhi ya vidonge ukitumia dozi ileile bila kula, sukari inaweza kushuka kwa hatari, na ukiacha insulini kabisa ni hatari vilevile. Piga simu kliniki yako leo, uwaambie huli, wakupangie. Huna haja ya kuwaeleza sababu.

Watu wananiambia "umekonda!" kila ninapopita. Nawajibu nini?

"Ndiyo, naendelea vizuri." Kisha endelea na safari. Wengine wanauliza kwa upendo, wengine wanatafuta habari, nawe huna deni kwa yeyote. Anayestahili kujua, mjibu hivi: "Siku hizi nashindwa kula peke yangu. Njoo Jumapili tule."

Rafiki yangu ameachwa na mpenzi, sasa hali chakula. Nimsaidieje?

Usimwambie "wanaume wapo wengi" wala "kula bwana, utakufa". Nenda na chakula kwenye hotpoti, sahani mbili, ukae naye ule. Usimhesabie matonge. Osha vyombo kabla ya kuondoka, maana vyombo vichafu ndivyo vinavyomzuia kupika kesho. Na umuulize kama shangazi yangu alivyoniuliza: "umekula nini?"

Nijue vipi kwamba sasa ni ya daktari?

Uzito ukipungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwezi. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3. Kizunguzungu ukisimama, mkojo mweusi na mchache, kutapika kusikokoma. Huzuni isiyoachia wiki mbili mfululizo, huli, hulali, hakuna kinachokufurahisha. Hospitali za wilaya zina maofisa lishe, na huduma ya afya ya akili ipo. Muhimbili ina idara yake, Dodoma ipo Mirembe, Nairobi ipo Mathari.

Maumivu ya kifua yasiulizwe mtandaoni. Kuna ugonjwa wa moyo unaoletwa na mshtuko wa huzuni, ulielezwa kwanza Japani mwaka 1990, ukapewa jina la takotsubo, chungu cha kunasia pweza, kwa kuwa moyo huvimba ukafanana nacho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona. Lakini bila vipimo hautofautishiki na shambulio la kawaida la moyo, kwa hiyo nenda.

Na ukiwaza kujidhuru, usilale peke yako usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, "nafikiria kujiua", na muende pamoja hospitali yoyote iliyo karibu.

Nipe chakula kimoja cha jioni ninachoweza kupika nikiwa sina nguvu.

Fungu moja la mchicha, nyanya mbili, nusu kitunguu, mayai mawili, nusu ndimu. Osha mchicha, ukate. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka kilegee, tia nyanya na chumvi kidogo, funika mpaka ziive kabisa. Tia mchicha, geuza dakika mbili. Tengeneza vishimo viwili kwa mwiko, vunjia mayai humo, funika, punguza moto, ngoja mpaka viini vishike. Kamulia ndimu, uchachu wake unausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha. Kula na muhogo wa kuchemsha, ugali au mkate, vyovyote vilivyopo. Pakua kwenye sahani, usile umesimama jikoni. Ni dakika ishirini zote, na saa moja na nusu simu ikiita utakuwa na la kujibu: mayai na mchicha.